Jina Nililoshindwa Kulisoma

Wenzangu wa chama, mwenyekiti ameniambia niongee kidogo. Mnivumilie, hii maneno nimekaa nayo miaka.

Wakati wa Corona nilikuwa katibu wa kikundi kingine cha wakulima huko kwetu, upande wa Kaptagat. Soko zilifungwa, maziwa tukamwaga. Halafu serikali ikasema itatuma msaada kwa wakulima, pesa ya mbegu na mbolea, moja kwa moja kwa simu. Kila kikundi kilete majina, namba za vitambulisho na za simu. Fomu tuliyopewa ilikuwa na nafasi chache. Niliijaza nyumbani, peke yangu. Hakuna aliyeomba kuiona, na mimi sikuionyesha mtu.

Nafasi ya mwisho ilikuwa ya mwanachama wetu mmoja, mama mjane kutoka magharibi, aliyekodisha ekari moja karibu na shamba letu. Ndugu zangu, nawaambia ukweli: sikuandika jina lake. Niliandika la baba mkwe wangu. Mzee alikuwa ameshakufa, lakini kitambulisho chake kilikuwa kwa kabati na laini yake ilikuwa kwa simu yangu. Nikajiambia shamba bado liko kwa jina lake, kwa hivyo huo si wizi.

Pesa ikaingia. Ujumbe ulimsalimia Mzee kwa jina, ukamtakia msimu mwema. Nikaufuta haraka. Lakini mbolea nilinunua.

Kila Jumapili tukitoka kanisani yule mama aliniuliza kama jina lake liliingia. Nikamwambia liliingia, angoje tu. Alipanda bila mbolea. Mahindi yake yakageuka manjano yakiwa yamefika magotini tu, na yangu ng'ambo ya ua yako kijani kabisa. Baada ya mavuno akarudisha shamba la watu, akaenda kwao. Tangu hapo nikilima upande ule nasikia mtu ananiuliza, nageuka, hakuna mtu. Nilikonda hadi watu wakasema ni ugonjwa wa sukari.

Mwaka juzi wanachama wakataka orodha ile ya Corona isomwe mbele ya wote, jina kwa jina. Nani wa kusoma? Katibu. Nilisoma vizuri hadi mstari wa mwisho, nikanyamaza. Mnajua kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, awe hai ama awe kaburini. Kuliandika niliweza, kwa sababu hakuna aliyesikia. Kulisema mbele ya watu, ulimi ulikataa.

Mama mmoja mzee akauliza polepole, "Ni nani huyo huwezi kumtaja?"

Wamama wote wakainamisha vichwa. Walikuwa wameshajua. Nikalia, nikasema yote.

Hawakunifukuza. Walinitoa ukatibu, wakaniambia niuze ng'ombe na pesa nimpelekee yule mjane, kwa mkono wangu. Nilimkuta kwao akipalilia. Nikamweleza. Alikaa chini kwa udongo, akatoa kisimu kidogo kwenye leso.

"Mimi nilidhani nilikupa namba mbaya," akasema. "Hii simu sijawahi kuizima."

Ndugu zangu, ningependa angenitukana. Pesa alipokea. Alisema amenisamehe, lakini kurudi kulima kwetu hataki, na sikuwa na mdomo wa kumsihi.

Nawashukuru wale wamama walionishika mkono siku ile, na mume wangu, ambaye nilimtia aibu kwa jina la baba yake na bado hakunifukuza. Sasa nalala, si kila siku. Kile nimejifunza ni hiki: jina la mtu lisomwe mbele ya mwenyewe kabla fomu haijaenda popote, hata kama katibu ni mtu wa maombi. Mimi nilikuwa mtu wa maombi.

Na leo nikiingia nimeona fomu ya mbolea iko pale mezani, imejazwa tayari. Tafadhali msinipigie makofi. Katibu wa chama chetu asimame, aisome.