Mistari ya Baba

Basi lilikuwa na viti tele vitupu, kwa hiyo sina kisingizio. Nilikaa nyuma ya wanawake wawili ili niwasikie.

Mmoja, msusi aliyechomeka chanuo kichwani, alikuwa amemkodolea macho jirani yake mpaka uvumilivu ukamwisha. "Samahani, mdogo wangu. Hizo nywele zina miezi miwili. Zifumue, zitakatika. Halafu aliyekusuka kalipua kazi, mistari yote imekwenda upande."

"Alinisuka baba."

Msusi akachomoa chanuo, akaliweka mapajani. Nami nikasogea mbele, ingawa hakuna aliyenikaribisha.

"Mama alifariki nikiwa na miaka sita," akaendelea dada yule. "Baba akaacha jeshi, akarudi nyumbani. Alijifunza kusuka kwa kamba za buti zake, kazifunga kwenye mguu wa kitanda. Kila Jumapili ananikalisha chini, ananiambia, 'Kichwa mbele, usitikisike.' Mistari yangu ilinyooka kama gwaride. Hata nilipoolewa, Jumapili nilikuwa kwake."

"Na hii?"

"Hii alisuka mikono ikimtetemeka. Jumatano iliyofuata tukamzika."

"Pole sana. Lakini dada, baba mwenyewe asingekubali utembee hivyo."

"Usimsemee baba yangu."

"Simsemei. Nazisemea nywele."

Hapo nilikuwa upande wa msusi, kisha nikakitazama kile kisogo cha dada, nikahamia upande wake.

Basi likasimama. Msusi akainuka, akamgusa begani. "Saluni yangu ndiyo ile ya mlango wa bluu. Njoo Jumapili, nikufumue taratibu."

"Jumapili ni ya baba."