Kwa Nini Honorin Alirudia

Benchi la mbele ya mkahawa wa kijiji cha Vernassac halimshindi mtu kwa hoja. Humchosha tu hadi akubali. Alasiri ile walikaa watatu, wamevaa nguo za msiba, kila mmoja na kahawa yake: Stempu, mgawa barua mstaafu, Mama Mkate, mwenye duka la mikate, na Firmin, fundi bomba, asiye na jina la utani kwa kuwa hasemi kitu cha kutaniwa. Jioni wangemzika Honorin Vaissade, mtunzi wa muziki aliyetoka kijijini hapo akaenda kuwa mkubwa Paris. Meya alimtaka Firmin, rafiki wa marehemu tangu utotoni, aseme machache kaburini kuhusu kazi zake. Firmin alimpenda Honorin kama ndugu. Muziki wake hakuuelewa hata chembe.

— Simfonia, kwaya, ile opera waliyoizomea, zote mtindo mmoja, alisema Firmin. Anapiga kipande, ananyamaza mpaka unadhani kwisha, halafu anakirudia kilekile. Sasa nisemeje?

— Usahaulifu huo, akasema Stempu. Hata babake alikuwa anakusalimia mara mbili.

— Toka hapa. Ni mapenzi, akasema Mama Mkate. Mara ya kwanza kwa mkewe, ya pili kwa yule mwimbaji wa Lyon.

— Na pale katikati anaponyamaza, mkewe anatafuta mwiko wa kumchapa? akauliza Stempu. Hapana, mama. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.

— Inahusu nini hiyo?

— Muziki si una ngazi? Au sikia: walikuwa mapacha. Mmoja anatunga, mwenzake kafichwa anarudia.

— Mamangu ndiye aliyemzalisha mama yao. Huyo pacha tulimficha wapi, kwenye oveni?

— Jamani, rafiki yangu yumo kanisani ndani ya sanduku, akasema Firmin. Nisaidieni au mnyamaze.

Mama Mkate akamsogezea kikombe.

— Kunywa, baba. Inapoa.

Akatokea binti mgeni, mgongoni fidla kubwa kumzidi. Alikuwa mwanafunzi wa marehemu, ametoka Paris kuja kumpigia mazishini. Akaomba kupumzika, Stempu akampisha, akaanza kumsimulia zile sababu zao zote. Kengele ya kanisa ikagonga saa, ikanyamaza. Stempu alikuwa ameshafika kwa mapacha ilipogonga tena, saa ileile, mapigo yaleyale.

— Samahani, wazee wangu, binti akauliza. Mbona kengele yenu inagonga saa mara mbili?

Mama Mkate akautazama mnara kana kwamba umejengwa asubuhi. Walizaliwa wakiisikia, na hakuna aliyewahi kujiuliza.

Firmin alilia waziwazi, wala hakuona haya. Miaka yote ile ya Paris, kumbe Honorin hakuwahi kuondoka chini ya kengele hii. Akavaa kofia yake.

— Twende, mwanangu, alimwambia binti. Nina la kusema.