Bitana ya Mishipa

Korona ilikuwa imemlaza Twaha wiki mbili. Aliporudi kijiweni Mtoni, kwenye benchi la nje ya kibanda cha Mwishehe, fundi cherehani, wenzake walimpokea kwa kahawa na kashata, kisha wakaanza kuujadili ugonjwa wake kama vile mwenyewe hayupo. Twaha alikaa mguu wa kushoto kaukunja chini ya benchi. Tangu Ijumaa ulikuwa unauma na kujaa, ila aliona haya kulalamika tena. Nyumbani walishachoka kumuuguza.

— Korona haiishii mapafuni, alisema Projestus, mwalimu mstaafu waliyemwita Profesa, macho kwenye simu. Inashambulia mishipa ya damu. Utando wa ndani unachubuka, damu inaganda. Sasa wataalamu wanatafuta dawa ya kuulinda utando wenyewe, siyo kupambana na kirusi tu.

— Hapo umesema! Mwishehe alidaka. Hiyo ni bitana. Koti likichanika bitana, hata ulifue vipi halikai. Watuletee dawa yenye uzi!

— Uzi wa nini, braza? alibisha Abdulrahman, muuza kuku, maarufu kama Bosi Mapaja. Ishu ni utelezi. Damu imekuwa nzito kama supu ya kongoro. Ningekuwa mie waziri, nchi nzima ingekunywa bamia.

— Bamia si inaishia tumboni, Bosi? Profesa aliuliza.

— Ndo maana nasema wachome sindano ya bamia!

Benchi zima likaangua kicheko. Twaha naye akacheka, kisha akauma meno. Maumivu yalishapanda hadi gotini. Alitaka kusema, lakini Profesa alikuwa hajamaliza.

Hapo akafika dada mmoja, mgeni, kufuata gauni lake kwa Mwishehe.

— Shikamooni. Samahani, huyu baba mguu umemvimba tangu lini?

Wakatazamana. Tangu asubuhi walikuwa wamekaa naye bega kwa bega.

— Tangu Ijumaa, Twaha alijibu mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa.

Bosi Mapaja alikimbilia bajaji bila hata kuvaa ndala.

Hospitali walikuta damu imeganda kwenye mshipa wa mguu. Wakamwanzishia sindano za kuzuia isizidi kuganda. Daktari alisema wangechelewa, bonge lile lingeweza kukimbilia mapafuni. Wenzake wakaruhusiwa kumwona. Profesa alisogea kitandani, simu mkononi, akiwa na swali refu kuhusu utando. Akamtazama Twaha usoni. Akaitia simu mfukoni.

— Bado unauma?

Twaha akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.