Fundi Mwashi Alipoinua Kibendera

Basi la mashabiki lilijaa, lakini kando ya fundi mwashi hakukaa mtu ila shemeji yake kinyozi, naye alikuwa amempa mgongo. Uwanjani, mechi ya kwanza waliitazama pamoja wakitafuna karanga. Ya pili ilikuwa ya timu yao. Mshika kibendera hakufika, refa akamwita fundi kutoka kwa watazamaji. Dakika ya mwisho timu yao ikafunga, na fundi akainua kibendera. Bao likakataliwa, timu ikashuka daraja.

"Alikuwa ameotea, shemeji."

"Miaka ishirini unatukana marefa, leo umepewa kitambaa umekuwa malaika? Na aliyefunga ni mwanao wa kumzaa!"

"Ndiyo maana nilitazama mara mbili."

Mfungaji mwenyewe alikaa kiti cha mbele na matope yake. Hakuwa amegeuka nyuma tangu uwanjani.

Kituo chao kilipokaribia, fundi aliinua mkono kumwashiria dereva.

"Jamani, kainua tena!" mtu akapiga kelele, na basi zima likaangua kicheko.

Fundi alishuka, akashikilia mlango. "Twende, baba. Mama yako anatusubiri."

Kijana alimgeukia dereva. "Mimi sishuki hapa. Twende."