Magnus Drever, Aliyewapeleka Waamuzi Mvuani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bwana Magnus Drever, katibu wa tuzo katika Chama chetu cha Wahandisi wa Ujenzi, ofisi ya Inverness, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025. Aliomba kusiwe na hotuba. Chama kilikubali, kisha kikaagiza iandikwe makala. Hilo hakuwahi kulikataza, maana hakulifikiria.

Bwana Drever alizaliwa katika visiwa vya kaskazini, akasomea uhandisi Aberdeen, na ujana wake akautumia kujenga madaraja madogo ya barabara za mashambani, yale ambayo dereva huyavuka bila kujua kwamba amevuka kitu. Magoti yalipoanza kumsumbua alikuja kwetu kwa muda mfupi tu, kushika nafasi ya mama mmoja aliyekwenda likizo ya uzazi. Mtoto aliyezaliwa wakati ule sasa ana watoto wake, na Bwana Drever ndiyo kwanza anafungasha.

Wanaomfahamu wanajua mapenzi yake kwa mifereji na kalvati, yale mabomba ya kupitishia maji chini ya barabara. Aliporudi kutoka mapumziko ya Ureno, mkewe Una alituonyesha picha za safari: maji ya mvua yakiingia shimoni, maji ya mvua yakitoka shimoni, na moja ya Una mwenyewe, amesimama kando ya shimo ili tupate kuona upana wake. Una anasema siku hiyo hata mvua haikuwa ikinyesha, ila Magnus alimwaga chupa ya maji.

Kila anayetaka kuwa mhandisi kamili hapa kwetu hupita kwenye mahojiano: watu wawili waliobobea upande mmoja wa meza, mtahiniwa upande wa pili, na maswali ya kwa nini ulifanya hivi na si vile. Siku hizo Bwana Drever husimama mlangoni mwa hoteli akiwa na tai za akiba mfukoni. Ile ya bluu imewaingiza watu wengi kwenye taaluma hii kuliko chuo chochote. Aliyefeli alikuwa akipigiwa simu kesho yake asubuhi. Wengi walidhani ni simu ya pole, kumbe alikuwa anauliza tu, bila kuzunguka, watarudi lini.

Lakini jina lake litabaki kwenye Tuzo ya Mhandisi Mpya, inayotolewa kila mwaka kwa aliyefanya vizuri kuliko wenzake kati ya wale waliopata usajili kamili karibuni. Alipoikuta, tuzo ilikuwa ikifuata ukubwa wa daraja. Waamuzi wawili walikaa kwenye chumba chenye joto, wakatazama picha, wakampa yule aliyesimama karibu na zege nyingi. Bwana Drever hakuwa na kura, na mpaka leo hana. Alichokuwa nacho ni kupanga ratiba. Basi akaipanga: hakuna kazi itakayoamuliwa mpaka waamuzi wafike ilipo, wakiwa na aliyeifanya, tena kipindi cha baridi. Waamuzi walilalamika. Akawanunulia soksi za sufu.

Safari moja kati ya hizo husimuliwa ofisini kila mwaka, na kila aliyekuwepo ana namna yake ya kuisimulia. Hapa imeandikwa kwa yale ambayo wote wanakubaliana.

Mwaka 2014, mmoja wa waliopendekezwa alikuwa Thora Isbister, mhandisi kijana kutoka visiwa vilevile alikozaliwa Bwana Drever. Wenzake walimpendekeza kwa daraja dogo la waenda kwa miguu, zuri, lakini si la kushinda. Bwana Drever alikuwa amesikia redioni habari nyingine juu yake. Kulikuwa na tuta la mawe lililobeba barabara juu ya maji, kutoka kisiwa kikubwa hadi kisiwa kidogo cha Norsay. Mwezi Novemba uliotangulia Thora alikuta bahari imekula mawe ya chini, akalifunga siku ileile, kwa magari na kwa watu. Watu wa Norsay wakabaki na boti. Sikukuu za Krismasi na mwaka mpya wakazipita hivyo. Dhoruba za Januari zikaja na zikaenda.

Tuta halikuanguka.

Hapo ndipo mambo yalipomgeukia. Kama lingeanguka, angekuwa shujaa. Liliposimama, akawa msichana aliyewatia watu baridi bure. Mwajiri wake alimwondoa kwenye kazi ya tuta, akampa kuziba mashimo ya barabarani. Dukani watu walinyamaza akiingia. Thora akawa amekwisha kumwambia mjomba wake kwamba mwezi Mei atahamia kwenye ufugaji wake wa samaki, na uhandisi basi.

Bwana Drever alimpigia simu.

"Na tuta je? Mbona halimo?"

"Tuta sikulijenga mimi. Nililifunga tu."

"Basi tunakuja kuona ulivyolifunga."

Waamuzi mwaka ule walikuwa Profesa Gilchrist, bingwa wa zege, na Bi Tennant, mwenye kampuni ya ujenzi. Kanuni inasema wasipokubaliana, tuzo haitolewi. Profesa alikwisha kusema kwenye feri, akiwa ameshika nguzo kwa mikono miwili, kwamba hajawahi kusikia mtu akapewa zawadi kwa kuweka mnyororo barabarani.

Walifika maji yakiwa yamekupwa. Thora aliwashusha pembeni mwa tuta hadi chini, palipo na mwani, akawaonyesha pango. Bwana Drever aliingia nusu mwili, magoti na yote, na sauti yake ikasikika kutoka humo ikiuliza kama kuna mtu ana biskuti. Alipotoka alisema neno moja tu: "Pana."

Profesa aliinama akachungulia.

"Nimeona matuta mabaya kuliko hili yakadumu miaka ishirini."

"Hata mimi nimeyaona," Thora akasema.

"Sasa hili lingeanguka lini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Profesa. Ningejua lini, ningelifunga siku moja kabla."

Bi Tennant alicheka, Profesa hakucheka. Wakapanda juu, na mvua ikaanza, ile ya kwetu inayokuja kwa ubavu. Pale kwenye kizuizi walimkuta Jessie Flett, mwenye duka la Norsay, ambaye alikuwa amevuka kwa boti yake makusudi awaone.

"Nyie ndio mnaompa zawadi huyu?"

"Bado hatujaamua," Bi Tennant akamjibu.

"Mpeni boti basi, maana ndiyo aliyotuachia! Mama yangu ana miaka themanini na mbili, anapakiwa kama gunia la viazi akienda kwa daktari. Na tuta hilo hapo linakuangalia! Limesimama tangu babu yangu, litasimama na mimi nikifa." Akamgeukia Thora. "Si kweli, binti? Limeanguka? Hebu nionyeshe lilipoanguka."

Kuna maneno ambayo mtu akiyajibu anaonekana anajitetea, na Thora alikuwa amechoka kujitetea. Alifunga zipu ya koti lake hadi kidevuni akatazama maji.

Ng'ambo, moshi wa duka la Jessie ulionekana vizuri. Kulikuwa na chai pale, na supu ya dengu. Kwa miguu ni mwendo mfupi. Profesa Gilchrist alikuwa ameloa hadi soksi, zile za sufu alizopewa. Akanyanyua mnyororo, akainama kupita.

"Profesa, hapana," Thora akasema.

"Navuka kwa miguu tu. Mimi si lori."

"Kwa watu pia limefungwa."

"Binti, nimeanza kupima matuta kabla hujazaliwa. Mtu mmoja hawezi kuliangusha."

"Huenda ni kweli. Tafadhali rudi upande huu."

Alikwenda akasimama mbele yake, upande wa ndani wa mnyororo lakini bila kukanyaga tuta, mikono akiwa ameiacha ikining'inia. Kila aliyekuwepo alijua kilichokuwa kinaendelea, na yeye alijua kuliko wote. Mbele yake alisimama mtu mwenye nusu ya kura. Kura hiyo ikipotea, tuzo haipo. Tuzo ikiwa haipo, mwezi Mei ni samaki.

Profesa alimtazama Bwana Drever. "Magnus, hebu mwambie huyu."

Bwana Drever alikuwa amekaa juu ya jiwe akimimina chai ya mwisho ya chupa yake, isiyotosha watu wawili.

"Mimi ni katibu tu, Profesa," akasema. "Mhandisi wa hapa ni huyo."

Profesa akarudi. Hajawahi kudai, hata baadaye sana, kwamba alikuwa anampima. Alitaka chai.

Jessie akaangua kicheko. Alicheka mpaka akashika kizuizi. "Hata Profesa! Haya, mimi nilidhani mmefunga kwa ajili yetu sisi wa Norsay tusio na vyeo. Kumbe ni kwa kila mtu?"

"Ni kwa kila mtu," Thora akasema.

"Mbona hukusema hivyo tangu Novemba?"

"Nilisema. Ulikuwa unapiga kelele."

"Kweli nilikuwa napiga kelele," Jessie akakubali, akawaelekeza kwenye boti. "Pandeni. Profesa, kaa katikati, wewe mzito. Na wewe binti, panda, usijifanye huna njaa."

Dukani walikula supu karibu na jiko. Profesa alimaliza bakuli la kwanza, akaomba la pili. Kisha akamwambia Bi Tennant, bila kushusha sauti na huku Thora amekaa palepale, kwamba yeye katika umri ule, mbele ya mtu mwenye kura yake, angeunyanyua mnyororo mwenyewe na kumshikia mgeni apite. Bi Tennant akasema na yeye pia. Walikosa feri ya kurudi, wakalala kwa Jessie, kikao rasmi cha tuzo kikafanyika kesho yake kwenye meza ya samaki wa kukaanga. Katibu anathibitisha kwamba akidi ilitimia.

Maneno ya cheti cha kila mwaka huandikwa na Bwana Drever. Kamati ilitarajia aandike juu ya uongozi na ubunifu, kama ilivyo desturi. Cha mwaka ule kinasema: *Kwa Thora Isbister, kwa barabara aliyoifunga na kuiacha imefungwa.* Kuna waliotaka kibadilishwe. Aliwaambia wino umekwisha.

Usiku wa karamu ya tuzo, mwajiri wake Thora alikuwepo ukumbini, na alisikia makofi. Wiki mbili baadaye tuta lilirudishwa mikononi mwa Thora. Mjomba aliambiwa atafute mtu mwingine wa samaki. Tuta jipya lilifunguliwa baada ya miaka miwili, na mama yake Jessie alilivuka wa kwanza, kwenye gari, akiwa na blanketi miguuni na uso wa mtu anayekagua.

Ofisini tunaipenda safari hii kwa sababu inachekesha. Lakini ukikaa nayo peke yako, inauliza jambo gumu zaidi. Taaluma yetu hupongezwa kwa vitu vinavyoonekana. Daraja likisimama, tunapiga picha mbele yake. Uamuzi mzuri wa kuzuia hauachi kitu cha kupiga picha. Unaacha watu walio salama, wenye hasira, wanaokuuliza umewazuia kwa nini. Bwana Drever alielewa kwamba mhandisi mpya anaweza kupotelea hapo, si kwa kushindwa mahesabu, bali kwa kukaa peke yake muda mrefu na jibu sahihi. Kwa hiyo akawa anakwenda. Alikwenda kwenye visima, kwenye mitaro, chini ya barabara. Hakusema mengi alipofika. Alisimama karibu na mtu huyo kwenye mvua na kuwaleta watu wenye kura wasimame hapo pia.

Wahandisi wote waliopata tuzo hiyo tangu aanze safari zake bado wako kwenye kazi hii, isipokuwa mmoja aliyekuja kuwa mchungaji wa kanisa, na Bwana Drever anasisitiza kwamba paa la kanisa lile halivuji. Thora Isbister ni mmoja wa waamuzi wawili tangu mwaka jana. Soksi hununua mwenyewe.

Tuta la zamani lilipobomolewa, vijana wa mkandarasi walilichunguza jiwe kwa jiwe wakabishana. Wengine walisema lingekaa miaka kumi zaidi. Wengine walisema lilikuwa likisubiri lori moja la maziwa. Walipomwona Bwana Drever, aliyekuja kutazama kwa sababu kulikuwa na kalvati, wakamtaka akate shauri: je, lingeanguka au lisingeanguka?

"Hakukuwa na mtu juu yake," akawajibu. "Sasa mnataka kujua kwa ajili ya nani?"

Bwana Drever, kwa niaba ya ofisi, ya waamuzi waliowahi kuloa kwa ajili yako, na ya kila mhandisi aliyesimama peke yake kando ya kazi yake kisha akaona koti lako la njano likija, asante. Asante na kwako, Una, kwa kutuazima mumeo kwa muda mrefu hivi. Tunawatakia afya, safari nyingi, magoti yasiyolalamika, na mvua ya kutosha, ili Magnus apate cha kutazama.