Mama Abosede na Chungu Alichokionja

Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Kemta, nanyi mama zangu wa nili mliokuja na mikono bado ya buluu, naitwa Ibidun, kitinda mimba wa marehemu, na familia imenipa karatasi hii niwasomee.

Mama yetu, Abosede Sorinola, alizaliwa Ijumaa tarehe 14 Machi 1958, hapa Abeokuta, mtoto wa tatu wa Bibi Efunyemi, aliyekuwa akifunga na kutia rangi vitambaa vya pamba uani kwake. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, akaacha mwaka 1970 baba yake alipofariki, akakaa uani na mama yake, akajifunza kufunga vijiwe kwenye kitambaa kwa ukili, kuchuja maji ya majivu, kuponda majani ya nili, na kuonja maji ya chungu kwa funda dogo kila alfajiri, kwani chungu cha majivu huchukua siku saba au zaidi kuiva, na ulimi ndio unaojua.

Tarehe 1 Desemba 1979 alifunga ndoa na baba yetu, Adisa, fundi redio, wakajaliwa kaka yangu Kolade mwaka 1981 na mimi mwaka 1990. Baba alitutoka mwaka 2004, na tangu hapo vitambaa vya mama ndivyo vilivyotulisha na kutusomesha. Wengi hapa mnaukumbuka mdomo wake, jinsi alivyokuwa akiinua kitambaa kilichofungwa ovyo na kuuliza, "Hiki nani kakifunga, mbuzi?"

Hapa karatasi inasema, "Mwaka 2019 marehemu alianza kuugua koo." Kaka Kolade, nisamehe, uliandika ulichoambiwa, lakini siwezi kuusoma mstari huu kisha nikakaa.

Novemba ile tulikuwa na sare za harusi ya watu, siku zimebaki chache, na chungu kimegoma. Nikamwambia, "Mama, siku ya nane hii, chungu chako kimelala." Akanicheka. "Kiache kilale. Wewe ukilala hadi jua linatoka, nani anakupigia ngoma?"

Jioni ya Ijumaa tarehe 8, alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya, nilimimina kostiki chunguni, ile magadi kali ya dukani inayoharakisha rangi na kuunguza nyama, nyingi, bila kupima, nikisema moyoni kwamba nitadamka kabla yake nimwambie. Sikudamka. Nililala hadi jua likatoka, nikaamshwa na sauti yake uani, sauti ambayo bado naisikia.

Hospitalini aliwaambia madaktari kwamba alikosea kikombe. Walipotoka, akanivuta sikio langu hadi mdomoni mwake. "Usimwambie kaka yako, atakufukuza nyumbani." Hilo ndilo lililomsumbua, mimi nitalala wapi.

Koo lilipona kwa kuziba, kila baada ya wiki sita likawa linapanuliwa kwa mpira hospitalini, na yeye aliyependa amala, ugali wetu wa viazi vikuu, hadi kulamba vidole akaishi miaka mitatu kwa uji mwepesi wa mahindi. Ulimi haukutambua tena kitu, na mimi sikuwahi kujifunza kuonja, niliona ni mambo ya kizamani, kwa hiyo chungu cha Bibi Efunyemi kimekauka, kimo uani, buibui wamo ndani. Alifariki Ijumaa tarehe 3 Februari 2023, saa kumi na moja alfajiri, saa yake ya kuamka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakuchoka, tunawashukuru majirani mliotuletea uji kwa zamu, na nyinyi mama wa nili mliotia rangi kitambaa alichovikwa leo, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna tena anayeweza. Nyote mmekuwa mkinisifu kwamba nimemuuguza mama kwa moyo, na kila sifa ilinichoma. Zichukueni, sizistahili. Sijui nitamwomba nani msamaha, maana aliyekuwa na haki ya kuninyima alinipa kabla sijaomba, na haujanisaidia.

Lala kwa amani, mama. Leo mimi ndiye niliyetangulia kuamka.