Ufa wa Mnara wa Kengele

Benchi liko mbele ya duka la kinyozi, linatazamana na kanisa kongwe kuliko majengo yote ya mjini. Asubuhi ile walikuwepo watatu: Kinyozi, ambaye hakuwa na mteja; Mwalimu, aliyestaafu kufundisha lakini hakustaafu kusahihisha watu; na Chokaa, mwashi wa miaka sitini na ushei, goti moja bovu, viganja vigumu kama ukuta usiopigwa lipu. Kwenye geti la kanisa kamati ilikuwa imebandika tangazo: mnara wa kengele una ufa, ni hatari, utabomolewa mwisho wa mwezi. Chokaa alikuwa amelisoma mara tatu, kikombe cha kahawa mkononi.

— Mimi nilishasema, Kinyozi alianza. Mnara ule ulijengwa na mlevi. Ukiutazama kutoka dukani kwangu, umeinamia kushoto.

— Duka lako ndilo limeinama, Mwalimu akamjibu. Chini ya mnara kuna mto. Wajenzi waliufukia, sasa unadai njia yake.

— Mto gani, mzee wangu? Miaka yote hii sijasikia hata chura.

— Vyura walifukiwa pia.

— Haya, basi mimi nakwambia ni kengele. Ilikuwa ya kanisa kubwa zaidi, ikaletwa hapa kwa makosa. Kila ikipigwa, mnara unazama unene wa unywele. Wajukuu zetu wataipiga wakiwa wamekaa chini.

— Wala si kengele. Kuna mtu amezikwa ukutani, wima. Amechoka kusimama.

Siku nyingine Chokaa angecheka. Leo aliweka kikombe chini.

— Mmemaliza? Tazameni mawe. Ya kanisa ni madogo, ya kijivu. Ya mnara ni makubwa, mekundu. Na lile dirisha la mwisho, tao lake limekatwa nusu na mnara. Kanisa lilijengwa kwanza, mnara ukaja baadaye ukaegemezwa. Majengo mawili, uzito mbalimbali, kila moja likakaa kwa namna yake. Ufa uko palepale yanapokutana, na umetulia.

— Umejuaje kama umetulia? Mwalimu akauliza.

— Miezi saba iliyopita nilibandika vipande vya kioo juu yake. Ukuta ukisogea kidogo tu, kioo kinapasuka. Hakijapasuka hata kimoja. Kamati inakutana leo saa kumi. Naenda. Wakinizuia mlangoni, nitasemea dirishani.

Mara mwanamke mmoja mwenye kofia ngumu na daftari akavuka barabara, akaja kwao.

— Shikamooni, wazee. Mimi ndiye mhandisi aliyeitwa na kamati kukagua kabla ya kubomoa. Nimesikia mnaujua mnara huu. Ule ufa ulianza mwaka gani?

Kinyozi akamtazama Mwalimu. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Chokaa angeweza kubuni mwaka wowote, na wenzake wangeapa naye. Hakufanya hivyo.

— Sijui, binti yangu. Lakini pa kuangalia napajua. Twende juu.

Ngazi za mnara ni themanini na sita, nyembamba, zimelika katikati. Kwenye ya thelathini goti lilianza kumlilia. Mhandisi akamwambia abaki, atapanda mwenyewe.

— Ukipanda mwenyewe hutajua unachotazama, Chokaa alisema, akaendelea kupanda, mkono ukutani.

Karibu na kengele aliomba tochi, akatoa kisu, akakwangua ukingo wa ufa taratibu. Ndani ya ufa rangi zilionekana zimepangana, moja juu ya nyingine: nyeupe, njano, nyeupe tena, kisha bluu.

— Hii bluu tulipaka mimi na mjomba wangu, yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Imeingia mpaka ndani, maana yake ufa ulikuwepo tayari. Na chini yake kuna rangi tatu za watu waliotutangulia.

Mhandisi alipitisha kidole kwenye rangi, akahesabu. Akamulika vile vioo kimoja kimoja. Vilikuwa vizima.

— Mbona hukuwaambia kamati?

— Nimekwenda mara mbili. Wakaniambia wanamsubiri mtaalamu.

Mhandisi akafungua daftari.

— Basi mtaalamu anaandika kwamba mnara usibomolewe. Lakini saruji iliyopakwa nje ya mnara itolewe yote, inafungia unyevu ndani ya mawe. Urudishiwe lipu ya chokaa kama zamani. Saa kumi tunaingia wote kwenye kikao.

Chokaa alishuka ngazi polepole kuliko alivyopanda, na safari hii si kwa sababu ya goti tu. Alikuwa anagusa kila jiwe.

Walipofika kwenye benchi, Kinyozi na Mwalimu walisogea wakampisha mgeni. Aliandika mistari kadhaa, akainua kichwa.

— Ukimtoa baba hapa, nani mwingine mjini anaijua kazi ya chokaa?

Kinyozi na Mwalimu wakamtazama Chokaa. Chokaa aliwapitia moyoni wote aliowahi kushika nao mwiko: mjomba amekufa, wawili wamekufa, waliobaki wamehamia kwenye saruji na hawarudi.

— Andika watu wanne, alisema. Nitawafundisha. Waje Jumatatu asubuhi, na uwaambie mapema kwamba mwezi wa kwanza ni wa kuloweka na kukoroga chokaa tu. Mnarani watapanda nikiridhika.